Faili Lisilo na Vichwa

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa kelele. Siku Daktari Nabintu alipomsimamisha kazi Eugénie, nilipayuka kuliko wote. Nilisimama uani pa kituo cha afya, mbele ya wakunga na akina mama wenye watoto mgongoni, nikasema aliyefuta yale majina ni mtu mbaya asiye na haya, na akipatikana afukuzwe siku hiyohiyo. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa upande wa Eugénie. Niliamini kabisa kwamba si yeye.

Kituo chetu ni kidogo, kiko Mabanga, mtaa wa Goma, na mimi Bienvenu Ntirenganya ndiye fundi wake wa kompyuta. Sijaajiriwa kwa mwezi, naitwa kunapoharibika kitu. Eugénie Umwiza amekaa mapokezi miaka sita. Ni mama wa watoto wanne, mtu wa Masisi, mwimbaji wa kwaya, na akikuandikia fiche, karatasi ya mgonjwa, leo hutarudishwa kesho kwa kosa la herufi. Kila mtoto anayezaliwa pale, yeye ndiye anayemwingiza kwenye mashine. Jumanne moja asubuhi akafungua, akakuta majina ya miezi mitatu hayapo. Watoto mia mbili na kumi na wanne.

Wakunga walikuwa na daftari zao, kwa hiyo watoto wenyewe wangeandikwa upya. Aliyekuwa hatarini ni Eugénie. Kulikuwa na uvumi wa siku nyingi kwamba mapokezi kuna mtu anayetoa karatasi za kuzaliwa kwa watoto ambao hawakuzaliwa pale, na sasa watu wakaunganisha mambo: amefuta ili asikamatwe. Daktari Nabintu, mkuu wa kituo, alifungua menyu yake kwenye mashine, ile inayoonyesha nani ameingia na saa ngapi, akanakili mistari ya siku kadhaa kwenye karatasi, mmoja ukiwa muhimu. Jumatatu, jina la eugenie, kuingia 16:41, kutoka 16:58. Kisha akaangalia daftari la mlinzi, Papa Rémy, ambamo kila mfanyakazi anaandika saa ya kuingia na kutoka langoni. Eugénie alitoka 17:05. Basi, alikuwamo.

Alipewa barua palepale uani, watu wote wakitazama. Kamati ingekaa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kosa likithibitishwa, angefukuzwa na jina lake lingepelekwa kwenye vituo vingine vya mji, na hapo hakuna mapokezi ya Goma ambayo yangempokea tena.

Mimi mwenyewe Jumatatu ile nilifika kituoni. Mashine kubwa ilikuwa imejaa, wakaniita kuisafisha. Lakini mlangoni kwa Papa Rémy niliandika 17:25, na shari ilikuwa imekwisha kufanyika kabla sijaweka mguu, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kitu na mimi sikujiuliza.

Siku mbili baada ya ile barua, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza mashine yenyewe. Diski ilipona. Daktari alinikabidhi niitunze, nami nikaenda nayo kwenye kibanda changu cha ufundi Majengo, nikampigia Eugénie simu.

Alikuja kesho yake asubuhi na kipande cha jibini ya kwao kimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mkoba magotini, akauliza bila kuniangalia.

"Bienvenu, mudogo wangu, ile machine ilikufa na mambo yangu yote?"

"Disque iko muzima, mama. Na ndani yake kuna faili moja, inaitwa wtmp. Mashine inaiandikaka yenyewe. Mutu akiingia, inaandika. Akitoka, inaandika. Hata Docteur hawezi kuigusa. Menyu yake inasoma mule mule, lakini inaonyesha kidogo tu. Mimi nataka tusome yote."

"Basi soma."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Lile faili si maandishi. Ni mlolongo wa namba, moja baada ya nyingine, bila nafasi na bila mistari. Ili ulisome kwa lugha ya C unahitaji faili lingine dogo, utmp.h, ambalo linasema: sehemu hizi nne za kwanza ni kitu fulani, zinazofuata ni jina, zinazofuata ni saa. Kompyuta yangu ni ya Windows, na C niliyonayo ni ile nyepesi ya kujifunzia. Niliandika programu ya mistari kumi, nikabonyeza, ikanijibu kwamba utmp.h haijulikani. Intaneti ilikuwa imekatwa mtaa mzima siku ya nne. Ile mashine ambayo ingekuwa na hilo faili ilikuwa imeungua, na kwenye diski fundi wa Kinshasa aliyeiweka mashine hiyo hakuacha faili hata moja la namna hiyo. Nilimtukana kidogo. Eugénie alisogeza kigoda chake.

"Sasa njo nini hii iko inakosa?" akauliza.

Nilimwonyesha skrini. Namba upande wa kushoto, na upande wa kulia herufi zinazojitokeza hapa na pale katikati ya nukta: reboot, julienne, eugenie, eugenie.

Akainama karibu. "Hii ni registre, daftari," alisema. "Registre ya batu yenye walifuta bichwa ya kolone. Unaona? Kutoka jina mpaka jina kuko sawa sawa. Mambo ya machine sifahamu, lakini registre ninafahamu."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Nilikuwa nikitafuta la kupakua, yeye alikuwa akitafuta la kuhesabu. Tukahesabu. Alichukua kalamu na karatasi ya miraba ya wanafunzi, mimi nikamsomea. Kutoka jina moja hadi linalofuata: sehemu 384. Tukarudia mara tano. Sikuzote 384. Basi kila mtu aliyeingia au kutoka ameandikwa kwa sehemu 384, wala haipungui wala haizidi.

Baada ya hapo tukapima safu moja moja. Jina lilikuwa na nafasi ya 32. Kabla yake kulikuwa na kitu kifupi cha sehemu nne, na kabla ya hicho tena 32. Baada ya jina kulikuwa na uwanja mrefu wa 256, karibu wote mtupu. Mwanzoni kabisa kulikuwa na namba ndogo ya sehemu mbili inayosema aina ya tukio, saba kwa anayeingia na nane kwa anayetoka, kisha namba nyingine ya sehemu nne. Niliandika vichwa vyote kwa mkono wangu, nikalipa faili jina utmp.h, nikajiona mtu.

Likatoa takataka. Jina moja lilitoka na herufi mbili za ziada mbele yake, linalofuata na nne, na baada ya hapo mistari mitupu. Nikajumlisha vichwa vyangu: 382. Nilipiga meza, chai ikamwagika.

"Usipige meza, iko na kosa gani," alisema Eugénie, akifuta chai kwa gazeti la jibini. Alivuta karatasi yake. "Njo biwili binakosa. Bienvenu, kwa registre yetu ya maternité kuna kolone moja tunaachaka bure. Hakuna mutu anaandika mule. Ni ju ya mukunjo wa karatasi, ile mukunjo inakula maandishi, basi tunaruka. Mutu mupya akifika anaandika mule, na kolone zote zinaenda vibaya."

Niliangalia. Baada ya ile namba ya aina kulikuwa na sifuri mbili, kila mstari, toka mwanzo wa faili hadi mwisho. Mimi nilizihesabu kama mwanzo wa kitu kinachofuata. Kumbe ni nafasi tu, mashine imeruka ili namba ya sehemu nne ianzie mahali inapopapenda. Miaka tisa ya ufundi, na mtu wa mapokezi ndiye aliyenifundisha. Nikaongeza safu tupu, jumla ikawa 384, na majina yakasimama kwenye mstari mmoja, juu hadi chini, safi.

Saa ndizo zilizotusumbua siku ya pili. Programu yangu ilisema Eugénie aliingia kazini mwaka ambao hakuna mtu atakayeufikia. Nilikuwa nimeipa saa nafasi ya nane, kama ilivyo kwenye kompyuta yangu, na ile mashine ilitumia nne tu, zilizobaki ni vipande vidogo vya sekunde. Nilipozigawa, tarehe zikatoka za mwaka huu. Eugénie alipiga makofi mara moja, akajizuia.

"Sasa nitafutie ile lundi," alisema.

Tukashuka mpaka Jumatatu ile. Mstari ulikuwepo. Jina eugenie. Kuingia 17:41. Kutoka 17:58.

Tuliangaliana. Kwenye karatasi ya Daktari ni 16:41. Moyo wangu uliruka kwa furaha, kisha ukashuka, kwa sababu sikuwa na haki ya kufurahi. Nani angeamini vichwa vilivyoandikwa na Bienvenu kibandani? Wangesema nimesogeza saa moja ili nimwokoe rafiki yangu. Na mimi mwenyewe sikuwa na hakika kwamba hakuna safu nyingine tupu niliyoiruka.

"Karatasi ya Docteur iko na mistari mingine?" nilimuuliza.

Alikuwa nayo, nakala aliyopewa pamoja na barua. Daktari alikuwa amenakili pia asubuhi ya Jumatatu ileile: eugenie, kuingia 6:38. Mimi kwenye skrini nilikuwa na 7:38. Tofauti ileile, saa moja kamili.

Eugénie alishika karatasi kwa mikono miwili. "Six heures trente-huit? Mimi? Papa Rémy anafungua portail sept heures, saa moja ya asubuhi. Mbele ya sept heures hata paka haiingie." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio. "Bienvenu, karatasi yao njo inadanganya. Si yako."

Nilipata jibu kabla hajamaliza kufuta macho. Yule fundi wa Kinshasa. Alipokuwa akiiweka mashine, ilimwuliza mji, na yeye akachagua mji wake. Mtu yeyote wa Goma aliyewahi kumpigia ndugu yake Kinshasa asubuhi na mapema, akajibiwa kwa usingizi, anajua kwamba wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Ndani ya faili saa ni sahihi, imehesabiwa kwa sekunde ambazo hazina mji. Ni ile menyu ya Daktari iliyokuwa ikizitafsiri kwa saa ya Kinshasa, miaka yote miwili tangu mashine iwekwe, na sisi tunaoangalia saa kwenye simu hatukuona. Kwa hiyo aliyetumia jina la Eugénie alilitumia 17:41 ya Goma, na saa hiyo Eugénie alikuwa ametoka langoni dakika thelathini na sita nyuma, ameandika kwa mkono wake kwa Papa Rémy.

Nilisimama. Nilisema mambo mengi, nilisema kamati itaona, nilisema sasa tumtafute huyo mshenzi aliyeingia na jina la mtu.

"Ile kolone kubwa," alisema Eugénie. "Ile ya mia mbili na makumi tano na sita. Haukunionyesha inasema nini."

Sikuwa nimeichapa kwa kuwa ilikuwa karibu tupu na inajaza skrini. Ni safu inayosema mtu ameingia akitokea kompyuta gani. Niliongeza kichwa chake kwenye programu, nikabonyeza. Kwenye mistari ya asubuhi, mbele ya jina la Eugénie kuliandikwa reception. Kwenye mstari wa 17:41 kuliandikwa depot.

Depo ni chumba cha nyuma, penye katoni za seramu na kompyuta moja ya zamani. Ufunguo wake anao Daktari, na siku ninapoitwa, ninao mimi.

Nilikaa chini. Nilikumbuka yote kwa mara moja, na nilitamani nisikumbuke. Jumatatu ile mashine ilinikatalia, ikasema nafasi ya eugenie ndiyo imejaa. Nilikwenda mapokezi, nikageuza kibodi, nikasoma neno la siri kwenye kipande cha sparadra, plasta ya vidonda, kilichobandikwa chini yake, kwa kuwa pale kituoni maneno ya siri yote yamebandikwa kwa sparadra, hata la Daktari. Nilirudi depo nikaingia kwa jina lake. Nilikuta folda inaitwa PROV, nikasema provisoire, vitu vya muda, takataka. Nikaifuta, nikaona nafasi imepatikana, nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika. Na kesho yake nilisikia 16:41, nikajihesabu mtu safi.

"PROV ilikuwa nini, mama?" niliuliza.

"Ni batoto wenye Docteur hajatia bado signature," alisema polepole. Aliniangalia, akaangalia skrini, akaniangalia tena. Alikuwa amefahamu. "Bienvenu."

"Ni mimi," nilisema. "Mama Eugénie, ni mimi."

Nje chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilipita ikigonga mawe, na jirani alikuwa akigombana na mteja. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kawaida, katikati ya ile aibu nilianza kupiga hesabu. Safu ya 256 naiondoa kwa kufuta mstari mmoja wa programu. Saa peke yake inatosha kumwokoa Eugénie. Aliyeingia abaki hajulikani. Nina mke, nina mtoto wa miezi mitano, na hicho kituo ndicho kinachonipa kazi mara kwa mara.

Nadhani mawazo yalionekana usoni, kwa sababu alisimama akachukua mkoba wake.

"Ukitaka kuondoa ile kolone, ondoa," alisema. "Mimi sitasema. Lakini mimi nikirudi kule, watauliza kila siku ni nani. Watasema ni Julienne, mwenzangu wa kazi. Watasema ni bakunga. Na mutu moja atapata barua kama yangu." Akafungua mlango. "Jibini ule, itaharibika."

Sikuila siku hiyo.

Ijumaa kamati ilikaa ofisini kwa Daktari: yeye, mkuu wa wakunga, na mjumbe mmoja wa kanisa. Eugénie alikaa karibu na mlango amevaa kitenge cha kwaya. Niliweka karatasi mezani, safu zote, na faili langu la vichwa nikalichapa pia ili mtu akitaka kuhesabu ahesabu. Nilieleza saa ya Kinshasa. Wakamwita Papa Rémy na daftari lake, akaapa kwamba hajawahi kufungua lango kabla ya sept heures, wakalinganisha asubuhi saba tofauti. Zote saba zilipishana saa moja na nakala ya Daktari, na zote zilikubaliana na lango.

Daktari Nabintu alipitisha kidole kwenye safu ya mwisho. Si mtu mjinga.

"Na depot?" aliuliza. "Kule depot alikuwa nani?"

"Ni mimi, Docteur. Nilifuta PROV. Nilifikiri ni uchafu."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Halafu akakunja uso, akavuta karatasi tupu, akafungua kalamu. "Bienvenu, uende. Barua utaikuta kwa Papa Rémy. Na machine ya hapa usiiguse tena."

Nilianza kuinuka. Niliona ni haki.

"Docteur, pardon." Ilikuwa sauti ya Eugénie. Hakupaza. "Mimi hamukuniuliza. Mulinipatia barua mbele ya batu, nikaenda. Siku kumi nilikaa nyumba. Hata mutu moja wa hapa hakukuja kuniambia: Eugénie, ile lundi ulifanya nini? Kanisani walikuwa wanasogeza batoto wao nikipita. Huyu hapa alinifanyia mubaya, na mimi niko na hasira naye, atanisikia. Lakini mumuulize kwanza. Musifanye tena vile."

Kalamu ya Daktari ilibaki hewani. Nimemjua Daktari Nabintu miaka mingi, mwanamke anayeweza kumnyamazisha mtu kwa kuvua miwani tu, na sijawahi kumwona akiinamisha kichwa. Siku ile aliinamisha. Mkuu wa wakunga alikuwa akiangalia dirisha.

"Kaa, Bienvenu," Daktari alisema hatimaye. "Eleza. Toka mwanzo."

Nilieleza. Waliniuliza maswali kwa muda wa saa nzima, mengine makali, mengine ya kunionea, na nilijibu yote bila kupaza sauti. Walitaka kujua neno la siri nililipataje, na Daktari akakumbuka la kwake, akafunika kibodi yake kwa mkono. Mwishoni walisema nitaingiza upya watoto wote mia mbili na kumi na wanne kutoka kwenye daftari za wakunga, bila malipo, Eugénie akisimamia, na baada ya hapo wataona kama waendelee nami. Kwa Eugénie, Daktari aliichana ile barua vipande vinne.

"Mama Eugénie," alisema, "pardon. Nilikukosea sana. Jumatatu urudi kwa kazi yako."

Eugénie alisimama, akanyoosha kitenge chake.

"Aksanti, Docteur," alisema. "Sasa muniambie tena vile kule inje. Pale pale muliniambia ya kwanza."

Ilikuwa siku ya chanjo. Kupitia dirisha tuliona uwanja umejaa, akina mama kwenye mabenchi, wengine wamekaa chini kwenye mawe. Daktari Nabintu aliangalia wale watu wote. Kisha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatangulia kwenda nje. Eugénie akamfuata. Mimi nikaja nyuma, nikasimama mahali ambapo kila mtu angeniona, kwa sababu jina langu pia lilikuwa linakwenda kutajwa.